Maji Aliyoninywea Tuse

Ninamwandikia mtu aliyewekewa mpira wa kusafishia damu shingoni wiki hii na hajui kama atauzoea, na pia yule anayekaa benchi la nje akimsubiri. Elimu ya mambo haya sina. Nimeishia darasa la saba, kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha pale Buguruni, na mazoea ya kuandika nimeyapata hospitalini kwa sababu ukiwa kwenye mashine mikono haina kazi. Mengine huenda nimeyakumbuka vibaya. Nilimsomea mdogo wangu Tusekile, ambaye sote tunamwita Tuse, akanisahihisha hapa na pale. Palipotushinda kuelewana nimeacha kama alivyosema yeye, maana kwenye habari hii yeye alitoa zaidi yangu.

Figo zangu zilikufa kimyakimya. Kwanza viatu vilinibana jioni. Halafu uso ukawa unavimba asubuhi, ngozi ikakauka na kuwasha, mdomo ukawa na ladha ya chuma, nami kwa kuwa nashinda na chuma sikushtuka. Mkojo ukapungua mpaka ukaisha. Hili watu hawalisemi: unaenda chooni kwa mazoea, unasimama pale, unarudi. Mke wangu aliniuliza siku moja kwa nini nakaa sana chooni na maji hayasikiki. Baadaye alirudi kwao Mbagala na mtoto. Simlaumu. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kukaa gizani na kukasirikia sauti za vijiko.

Nikaanza kusafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Juma langu likawa na siku hizo mbili tu. Nyingine zilikuwa za kuzisubiri. Tulikuwa tunapimwa kwenye mzani kabla ya kuingia, na mzani hauna siri: ulichokunywa unacho, maana hakuna pa kukitolea. Maji niliyoruhusiwa kwa siku nzima ni kikombe cha kahawa vijazo vichache. Joto la Dar mnalijua. Nilikuwa nanyonya barafu kipande kimoja nikiwa nimefumba macho. Nikipita mtu anaosha gari, nageuza shingo.

Mle ndani kila mtu ana kiti chake. Mzee mmoja wa Tandika, wa kiti cha dirishani, alikuwa akiniona ananiuliza, "Kijana, leo umetuletea ndoo ngapi?" Nami namjibu, "Shikamoo Mzee, mie nimekuja na pipa." Alhamisi moja kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyeuliza. Sista alibadilisha shuka, akaendelea na kazi.

Baada ya hapo daktari alituita, mimi, Tuse na Mama. Alisema moyo wangu umeanza kutanuka na mashine haitanibeba kwa muda mrefu. Kama kuna ndugu wa kunipa figo moja, wakati ni huu. Tuse alikuwa ameshapimwa bila kuniambia. Anauza wali na maharage kule Wazo, jirani na kiwanda cha saruji, ana watoto wawili. Vipimo vilisema figo yake inanifaa.

Mama alikataa palepale.

"Mie nimezaa wawili," alimwambia daktari. "Mmoja anaumwa. Nyie mnataka niwe na wagonjwa wawili."

Niliudhika siku ile, ila nikiandika sasa sioni alipokosea. Alichosema ndicho kilichokuwa mbele yake. Hata shemeji yangu, mume wa Tuse, alisema ukweli wake: "Mie sijakataa. Nauliza tu, ikiharibika, nani atanilelea hawa?"

Tuse ni mtu mzima, angeweza kusaini bila kumsikiliza yeyote. Hakutaka. Alisema, "Sipandi kile kitanda na kinyongo cha Mama. Nitazimia kabla ya dawa." Kwa hiyo ikawa hivi: nitapona au sitapona, mlango ni Mama.

Mama ni mtu wa nyanda za juu kusini. Kwao kuna mlima wenye ziwa juu yake, na watu wa kule huupanda kuomba, wenye kanisa na wasio nalo. Sitautaja jina. Sitaki mtu aende kwa sababu yangu, wala aache kwa sababu yangu. Kila masika yanapoisha, watu wa kwao wanaoishi Temeke na Kinondoni hukodi basi dogo la Kosta na kwenda. Kiongozi wao anaitwa Ambokile. Zamani alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kurasini, na watu anawaongoza kama mizigo: kila mmoja kwa zamu yake, hakuna wa kupitia mlango wa nyuma.

"Twendeni kwanza mlimani," Mama alisema. "Tukirudi hajapona, sitasema neno."

"Hutasema neno, au utakubali?" Tuse akamuuliza.

"Sitasema neno."

"Mama, mie nataka neno."

Mama akainuka kwenda kuanua nguo.

Tulikubali kwenda. Sista wa kwenye mashine alinisikiliza, akaweka mikono kiunoni. "Unaondoka Ijumaa. Jumatatu nakutaka kwenye kiti changu. Ndizi usile, parachichi usile, na maji ni kikombe chako kilekile, hata akikuletea malaika." Alisema kwa utani lakini aliurudia mara mbili, na mara ya pili hakucheka.

Safari ni ya kutwa nzima na bado. Kwenye Kosta waliimba nyimbo za kwao, na Mama, ambaye nyumbani haimbi, aliimba. Kila tulipopanda milima baridi iliongezeka. Nilifurahia ile baridi kwa sababu kiu ilipungua, halafu nikaogopa kwa sababu nilianza kuhema nikiwa nimekaa.

Tulipokaribia, Ambokile alisimama kati ya viti akatoa masharti. Ziwa halitajwi jina mkiwa njiani. Sehemu ya mwisho hakuna kuongea. Anayeumwa zaidi anatangulia, na hakuna wa kumpita wala wa kumhimiza. "Na ukifika unakunywa kibuyu kimoja, chote. Maji ya kule hayamwagwi."

Tuse alinigeukia. Mimi nikaangalia nje.

Tulilala kwa mama mmoja, ndugu wa mbali wa Mama. Alitupikia ndizi. Kule kumnyima mgeni ndizi ni kama kumfungia mlango, na mgeni kukataa ni vilevile. Mama akaingia jikoni mwenyewe, akachemsha zangu mara mbili na kumwaga maji ya kwanza yenye madini ambayo figo zangu haziyatoi, kama tulivyofundishwa hospitali kwa viazi.

"Dada, unamwaga mchuzi wangu?" mwenye nyumba akauliza.

"Mwanangu ana masharti."

"Ya mganga gani hayo?"

"Ya hospitali."

"Basi hao hawajawahi kula ndizi."

Watu walicheka, na mwenye nyumba akakaa mbele yangu kuniangalia nikila. Nilikula vipande viwili. Tuse alinikanyaga mguu kwenye cha pili.

Asubuhi tukaanza kupanda, mimi mbele. Sijui kama nitaweza kulieleza hili. Njia ni nyembamba, ina mizizi na tope, miti imefunga juu. Nyuma yako kuna msafara mzima wa watu wazima wenye afya, na hakuna hata mmoja anayekuambia ongeza mwendo. Ningependa waseme. Nikisimama, wanasimama. Nilikuwa nasikia pumzi zao, mtu anakohoa, mwanamke anahamisha mzigo begani. Nilijua ukungu hushuka mchana na kufunga njia, maana mwenye nyumba alishatuambia. Kila nilipopumzika nilikuwa nakula muda wao wa kurudi. Nikawa najisukuma. Moyo ulikuwa unagonga mpaka nausikia kwenye mpira wa shingoni.

Ambokile alikuwa nyuma ya Tuse. Alisema kwa sauti ya chini, "Lusajo, mlima haufungwi saa."

Nilitaka kumjibu kwamba ukungu unafunga, nikakosa pumzi ya kujibia.

"Pole pole, kaka," Tuse akasema. "Ukifa hapa nani ataendeleza hayo maandishi yako, na mwandiko wenyewe hausomeki?"

Nikakaa kwenye mzizi. Mtu nyuma kabisa akakaa pia, halafu wote wakakaa, mstari mzima, kama wanasubiri kuitwa kwa daktari. Mama alikuja akanifuta tope kwenye kiatu kwa khanga yake. Kuanzia hapo ilikuwa sehemu ya kutoongea.

Ziwa lenyewe liko chini ya kingo za mlima, kijani, limetulia, na hakuna upepo unaolifikia. Sikuona cha ajabu, lakini macho sikuyatoa. Ambokile aliteremka, akachota kwa kibuyu, akanipa. Wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kunywa, na kabla hajanywa hakuna mwingine anayegusa. Walikuwa wamepanda bila kunywa chochote tangu alfajiri. Wote walisimama wakiniangalia.

Maji yalikuwa safi na baridi mpaka kibuyu kilitoa jasho. Sijawahi kutaka kitu duniani kama nilivyoyataka yale maji. Wagonjwa wa figo mtanielewa. Wengine niaminini tu.

"Kunywa, baba," Mama akasema, taratibu, akivunja mwiko wa kutoongea.

"Mama, sista alisema—"

"Sista hajafika hapa. Mie bibi yako alinileta nikiwa na degedege, nikanywa. Si nipo?"

Na kweli yupo. Kibuyu kiligusa mdomo.

"Lusajo." Ilikuwa Tuse. Huwa haniiti kwa jina. "Kishushe."

"Tuse, usimtishe mwenzio," Mama akasema.

"Simtishi. Kibuyu kizima, na njia ya kurudi ile, na mashine iko Dar. Yatakwenda kifuani."

"Haya si maji ya bombani."

"Mama, figo zake hazijui maji yametoka wapi."

Mtu nyuma aliguna. Nilikuwa nalinda tone lisidondoke, maana hayamwagwi. Mama alimgeukia Ambokile. Tuse naye akamgeukia. Nilimwonea huruma yule mzee, kwa sababu upande wowote atakaousemea, wa pili utamchukia.

Alijikuna kidevu. "Hatujawahi kumlazimisha mtu," akasema. "Ila wenzenu wana kiu. Asiyeweza kunywa hunywewa na wa damu yake. Zamani mwanamke akilemewa na uzazi, dada yake ndiye aliyepanda kumnywea. Lakini anayenywa amekubali kugawana na mgonjwa. Siyo maji tu. Hilo mlijue."

"Nipe mimi," Mama akanyoosha mkono. "Mimi mama yake."

Tuse alikuwa karibu zaidi. Alikichukua kibuyu mikononi mwangu, akapiga magoti kwenye tope. "Huko kugawana ndiko ninakokuombea ruhusa siku zote hizi, Mama," akasema, akanywa. Alikunywa kama mtu anayemaliza dawa chungu, bila kushusha, meno yakigonga kwenye kibuyu. Ambokile akachota tena, kwa sababu Tuse naye alikuwa na kibuyu chake mwenyewe. Tuse akakimaliza nacho. Akacheua kwa nguvu, akajipangusa. "Njia nzima nitakojoa ya watu wawili," akasema, na watu wote, na ile miiko yao, wakacheka.

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Tuse alivyokuwa akitetemeka kwa baridi, kama mtu anayeona kitu kimeshatoka nyumbani mwake.

Ukungu ulitukuta nusu ya njia tukiteremka, kisha mvua. Tulifika salama, lakini Jumapili tulipoondoka tulikuta kipande cha mlima kimelala barabarani. Magari yalikuwa yamejipanga pande zote mbili. Walisema greda linakuja. Jumatatu ikanikuta ndani ya Kosta.

Niwaambie ilivyo, ili mkiiona msiichezee. Miguu ilianza kulegea kama si yangu; naamini ni zile ndizi. Halafu nikashindwa kuegemea, kila nikiegemea mtu anakaa juu ya kifua changu. Nikawa nakaa nimeinama mbele, nimeshika kiti, navuta pumzi fupifupi. Nyimbo zilikoma. Tuse alikuwa anaongea kwa simu na sista wa Dar, naye sista alikuwa anasema mpelekeni mashine ya karibu, sasa, msisubiri greda.

Ambokile alitoka kwenye mvua akarudi na bodaboda mbili. Wanaomsema vibaya hawakumwona siku ile, viatu mkononi, akibishana na wale vijana mpaka wakakubali njia ya mashambani. Nilipanda katikati, Tuse nyuma amenifunga kwa khanga kiunoni mwake nisidondoke. Mama, ambaye hajawahi kupanda pikipiki maishani mwake, alipanda ya pili bila kuuliza.

Hospitali ya mjini ilikuwa na mashine, zote zina watu. Muuguzi alinisikiliza kifua, akasema tusubiri benchi, na nikaona usoni mwake kwamba hakupenda alichokisema. Mlango ulikuwa wazi. Mama mmoja aliyekuwa kwenye mashine ya karibu alinitazama ninavyohema. Akamwita muuguzi. "Nitoe," akasema. "Nimebakiza kidogo tu. Nitoe, aingie huyo."

"Mama, muda wako haujaisha."

"Nimesema nitoe."

Sikumjua jina. Alipita mbele yangu akiwa ameshika ukuta. Mtu wa mashine anajua dakika alizotoa atazilipa kwa mwili wake kabla siku nyingine haijafika. Bado namwombea.

Hapo ndipo lilipotokea ambalo sikulitegemea. Kwetu Dar, Mama alikuwa anakaa benchi la nje tu. Alisema ndani kuna harufu. Mle chumba kilikuwa kidogo, mimi nilikuwa natetemeka, na muuguzi akamwambia, "Mama, njoo umshike miguu." Akaja. Akaona mpira umejaa wekundu.

"Hiyo ni damu yake?"

"Ndiyo, Mama," muuguzi akasema. "Inatoka, inasafishwa, inarudi."

"Yote?"

"Yote, inazunguka."

Mama alinishika vifundo vya miguu, macho kwenye ule mpira. Pumzi yangu ilianza kurefuka. Ndipo akasema, kama anajisemea, "Mie nilidhani wanakuchoma sindano mnarudi." Na baadaye, "Na ukikosa siku moja ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivi, Mama."

"Nilikuwa namwomba Mungu akuponye ili nisichague," akasema. "Nilikwenda kule juu nisichague."

Tuse alikuwa amesimama mlangoni, nguo zimemganda kwa tope.

"Tuse."

"Abee, Mama."

"Lile neno lako, chukua."

"Neno gani?"

"Usinisumbue. Umeshaelewa."

"Nataka kulisikia."

Mama aliendelea kuniangalia miguu. "Mpe," akasema.

Wale wa kwenye Kosta wanasema ziwa ndilo lililomfungua Mama. Tuse anasema ni ule mpira wenye damu. Niliwahi kumuuliza Mama, akaniambia nile nikapumzike. Mimi naandika yote mawili. Nimejaribu kuchagua nimeshindwa.

Vipimo vilivyobaki vilichukua kipupwe chote. Kulikuwa na siku Tuse alikuwa ananikasirikia bila sababu, na siku mimi nilikuwa namwonea aibu mpaka nakwepa kwenda kwake. Shemeji alijifunza kuepua wali wa biashara siku Tuse akiwa kwenye vipimo. Naandika hili kwa sababu watu hudhani ukishapata wa kukupa, kazi imekwisha. Anayetoa anaingia mzima na anatoka akiumwa. Mgonjwa anatoka na nafuu siku ileile. Tuse alilia kwa maumivu ambayo mimi sikuyapata, na mpaka leo upande wa kushoto hubeba sufuria kwa uangalifu. Ukipewa, lijue hilo, na usimwambie anayetoa kwamba ni kitu kidogo.

Walitupasua vuli ilipokuwa inaanza. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichokiona ni mfuko ulioning'inia kando ya kitanda, na ndani yake kulikuwa na mkojo. Uliendelea kushuka, tone kwa tone, nikiwa nautazama. Sista aliniletea maji, akasema ninywe, na akisema ninywe anamaanisha glasi nzima. Niliinywa polepole nikaogopa kuimaliza.

Nikamuuliza sista, Mama yuko wapi? Nilikuwa nimezoea kuwa yeye ndiye wa kwanza kwenye benchi langu. Nilikuwa nimejiandaa kuona uso wake.

"Yuko wodi ya wanawake tangu asubuhi," sista akasema. "Amegoma kutoka. Amenituma nikuambie atakuja kwako kesho. Amesema leo yuko kwa yule aliyekuwa mzima."